Tunamtoa mwalimu bora darasani tunamfanya mkuu wa shule asiyejua pa kuanzia. Kwa nini tunapandisha watu vyeo bila kuwaandaa?

#1 ChakiNyeupe

Wakuu, habari za jioni.

Nimefanya kazi idara ya utumishi muda mrefu, mwanzo halmashauri, sasa taasisi nyingine. Kuna jambo huwa tunalisema kwenye chai tu, tukiingia kikaoni kimya. Tunamchukua mtu anayeijua kazi yake barabara, tunamtoa kwenye hiyo kazi, tunamkabidhi watu awasimamie, wala hajawahi kufundishwa kusimamia hata wawili. Mwaka ukiisha tunamwita mzembe.

Nitasemea shule za serikali hapa Tanzania, maana ndiko nilikoona mengi. Nyie wa benki, hospitali na viwandani mtaongeza ya kwenu.

Angalieni nafasi inavyojazwa. Mkuu wa shule anastaafu akifika miaka 60. Tarehe hiyo inajulikana tangu siku alipojaza fomu za ajira, imo kwenye jalada lake na kwenye mfumo wa mishahara. Lakini ofisi inashtuka mwezi wa mwisho kana kwamba kafariki ghafla. Simu zinapigwa, "Jamani, nani anafaa pale?" Yanatajwa majina. Shahada? Anayo. Kesi ya nidhamu? Hana. Somo lake? Fizikia, na watoto wake wa kidato cha nne wanafaulu. Basi, andika barua. Sijawahi kusikia mtu akiuliza: huyu akikuta walimu wawili hawasalimiani na wanafundisha darasa moja, atafanyaje? Akiletewa madai na fundi ujenzi, ataweza kuyasoma akajua wapi anapigwa?

Jumatatu mwalimu wa Fizikia anaamka mkuu wa shule. Hapo hapo shule imepoteza mwalimu wa Fizikia, na hao mnajua wanavyopatikana kwa tochi. Chini yake kuna walimu waliomtangulia kazini, wengine daraja lao la mshahara liko juu ya lake, kwa kuwa daraja ni jambo moja na madaraka ni jingine. Ruzuku inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, kwa hiyo lazima ajue FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za shule. Akitaka kununua, kuna NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Kila mwalimu ana malengo yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na yeye ndiye msimamizi wa kuyapitia. Hapo bado hajakutana na mwenyekiti wa bodi, diwani, wala mzazi aliyekuja asubuhi na hasira zake.

Kumbukeni fedha za UVIKO mwaka 2021. Mkopo wa IMF, Sh trilioni 1.3, na ndani yake madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, Sh milioni 20 kwa darasa, tena kwa force akaunti. Maana yake shule yenyewe inaunda kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi, inatafuta fundi, inanunua saruji na nondo, na anayebeba msalaba ni mkuu wa shule.

Nilipita shule moja wakati huo kwenye ufuatiliaji. Mkuu wake alikuwa mwalimu wa Kiswahili, hodari kweli, watoto wanampenda. Nilimkuta juani na daftari lake la maandalio ya somo. Kurasa za mbele kuna ngeli na uhakiki wa mashairi. Nyuma kaandika "saruji mifuko 50, fundi kachukua 600,000", hakuna tarehe, hakuna sahihi ya kamati ya mapokezi, hakuna stakabadhi. Yule mama hakuiba hata msumari, darasa lilisimama na mpaka leo lipo. Lakini mkaguzi hasomi nia ya mtu, anasoma karatasi. Hoja ikaja, majibu yakakosekana, akavuliwa madaraka. Alirudi kushika chaki shule ileile, bosi wake akiwa yule aliyekuwa makamu wake.

Sasa kwa nini hatuachi? Mimi nasema si ujinga. Ni kwamba hatuna njia nyingine ya kumshukuru mfanyakazi mzuri. Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu wa msingi ni Sh 200,000 kwa mwezi, mkuu wa sekondari 250,000. Mwalimu anayefaulisha Hisabati kila mwaka, nani anampa 200,000 ya ziada ili aendelee kufaulisha Hisabati? Hakuna. Daraja atapanda kwa zamu yake kama mwenzake anayeingia darasani na kusinzia. Kwa hiyo bosi mwenye huruma anaona amsaidie: ampe shule. Na mwalimu mwenyewe anayo ada ya mtoto, ana kiwanja hakijaisha, akifika kwao anaulizwa "bado hujawa mkuu tu?" Atakataa vipi?

Mafunzo yapo, msinielewe vibaya. ADEM ipo pale Bagamoyo, wakala tangu 2001, na kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya uongozi wa elimu. Chuo cha Utumishi wa Umma kipo tangu 2000. Wapo wanaopita huko kabla ya uteuzi, ila wengi niliowahudumia mimi walikwenda tayari wameshakabidhiwa mhuri, na baadhi walikwenda tayari wana hoja za ukaguzi.

Nawasilisha. Karibuni tujadili, matusi tuyaache nje.

#2 MpigaZumari

Mkuu umeandika gazeti bure. Jibu ni neno moja: KUJUANA. Asiye na mjomba hapati cheo, mwenye mjomba hahitaji mafunzo. Siku hizi hata mjomba si lazima, uchawa unatosha.

#3 ChakiNyeupe

MpigaZumari, hilo lipo na silipingi, nimeshaletewa vikaratasi vyenye majina. Lakini chukulia kesho asubuhi machawa wote wamepotea na uteuzi unafanywa na malaika. Malaika naye atatazama nani anafundisha vizuri, atampa shule. Makosa yatakuwa yaleyale, ila yamefanywa kwa moyo safi. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili, maana la ujomba tumeshalilia vya kutosha.

#4 NesiWaZamu

Huku afya hali ni hiyo hiyo, kaka.

Hospitali niliyokuwa nafanya, ya binafsi, sitaitaja, kulikuwa na dada mmoja wa chumba cha upasuaji. Mikono ya dhahabu. Daktari hajamaliza kunyoosha kiganja, kifaa kimeshafika. Wakampa umfawidhi wa wodi. Sasa kazi ya mfawidhi si mikono tena, ni ratiba ya zamu. Anayenyonyesha hataki usiku, anayesoma jioni hataki jioni, kuna wawili walishagombana hawapangwi pamoja, na kuna yule ambaye kila mwisho wa mwezi anafiwa.

Dada wa watu hajui kusema hapana. Kila penye pengo anajiandika mwenyewe. Ukisoma ile ratiba ukutani, jina lake lipo asubuhi, lipo usiku, lipo Jumapili. Sisi wengine tulifurahi, niseme ukweli, hatukumwonea huruma. Hospitali nayo ilifurahi maana wodi haikukosa mtu. Ilipofika hatua anasinzia amesimama ndipo ofisi ikasema "uongozi umemshinda". Akaacha kazi kabisa. Chumba cha upasuaji kikamkosa na wodi ikamkosa.

Hakuna aliyemwambia kwamba kupanga ratiba ni ujuzi, na kwamba kumnyima mtu ombi lake ni sehemu ya kazi. Alidhani kuwa bosi mwema ni kubeba.

#5 MtuWaMauzo

NesiWaZamu umenikumbusha meneja wetu, ila wetu alikuwa kinyume chake.

Huyu alikuwa bingwa wa mauzo, kila robo mwaka anavuka malengo. Alipopewa timu hakuacha kuuza. Ukimleta mteja mkubwa ofisini anakutoa nje umletee chai, ukirudi ameshasaini naye. Anaripoti "timu imefikia lengo" wakati aliyefikia ni yeye. Sisi vijana hatukujifunza kitu, tulijifunza kuficha wateja.

Kuna utafiti wa hili. Wachumi watatu, Benson, Li na Shue, walitoa mwaka 2019, walitumia takwimu za wauzaji wa makampuni zaidi ya 100 ya Marekani. Waliona kwamba anayeuza sana ndiye anayepandishwa, na kwamba kadiri alivyokuwa anauza sana kabla ya kupandishwa, ndivyo timu aliyopewa ilivyofanya vibaya. Waliofanikiwa kwenye umeneja walikuwa wale waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao, na hao ndio kampuni hazikuwatazama sana.

La kufurahisha ni sababu waliyoitaja: huenda kampuni zinajua kabisa. Zinaendelea kwa sababu zikiacha kumpandisha muuzaji bora, wauzaji wengine wataona hakuna haja ya kuhangaika. Cheo kinatumika kama chambo. Kwa hiyo ChakiNyeupe uko sahihi, si ujinga, ni hesabu. Ila hesabu hiyo anailipa aliye chini.

#6 KipandeChaReli

Hayo mambo ni ya zamani. Mkanada mmoja, Laurence Peter, aliyasema 1969: kwenye ngazi ya vyeo kila mtu hupanda hadi afike pale asipopaweza, na hapo ndipo anapobaki. Ukifanya vizuri unapandishwa, ukifanya vibaya unaachwa hapo hapo. Baada ya muda kila kiti kimekaliwa na mtu kilichomshinda. Tazameni ofisi zenu halafu mnijibu.

#7 MzeeWaKombania

Nawasalimu.

Nimestaafu jeshi. Nawasoma nacheka kidogo, mnisamehe. Kwetu kozi inatangulia, nyota inafuata. Kijana anakwenda chuo cha Monduli kwanza ndipo awe ofisa. Akifikia kutazamwa kwa vyeo vya juu, kuna Chuo cha Ukamanda na Unadhimu pale Duluti. Juu zaidi kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi. Hata askari wa chini hapewi sekshoni kwa sababu tu analenga shabaha vizuri. Mlenga shabaha anabaki mlenga shabaha na anaheshimiwa kwa hiyo shabaha.

Wanaokaa bila kozi hawapandi, hata kama kila mtu anawapenda. Uraiani mnampa mtu kombania nzima kwa barua ya ukurasa mmoja.

#8 MpigaZumari

Shikamoo mzee. Lakini huku kwetu mafunzo ni kitu gani? Siku mbili hotelini Morogoro. Asubuhi ya kwanza ni kujitambulisha na kuweka matarajio ukutani kwa gundi. Mchana wali kuku. Siku ya pili picha ya pamoja, cheti, posho, kila mtu na gari lake. Ukiniambia hapo ndipo mwalimu wa Fizikia atajifunza kusuluhisha walimu wasiosalimiana, nitakuambia bora umpe hiyo posho akajenge.

#9 MzeeWaKombania

Marahaba. Hiyo si kozi, kijana, hiyo ni karamu. Kozi unarudia kosa hadi mkufunzi achoke.

#10 MwalimuWaLikoni

Hamjambo wenzangu. Nawaandikia kutoka Kenya, mimi pia ni mwalimu.

Kwetu kuna ngazi kabla ya ukuu, mtu hupitia unaibu, na kuna taasisi ya kufundisha wasimamizi wa shule, KEMI, ambayo zamani ikiitwa KESI. Kwa hiyo huwezi kusema hatukujaribu. Lakini mwongozo wa kupanda vyeo wa Tume yetu ya walimu, ule wa 2018, ulileta shida nyingine. Ukishapita daraja la C3, nafasi za juu ni za kuombwa na kufanyiwa usaili, na nyingi zina jina la uongozi. Basi mwalimu aliyependa darasa lake anajikuta lazima atake unaibu, apende asipende, la sivyo akae hapo hapo miaka na miaka. Nimewaona wenzangu wakisoma maswali ya usaili usiku, na ukiwauliza wataka kweli kuwa naibu, wanakwambia "mimi nataka mshahara wa naibu".

Naona ndilo lile analosema mwenye uzi.

#11 ChakiNyeupe

Mwalimu wa Likoni, hiyo sentensi ya mwisho ingebandikwa mlangoni kwa kila afisa utumishi.

Mzee wa Kombania, shikamoo. Nakubali kozi kwanza. Tofauti ninayoiona ni kwamba jeshi linajua miaka kadhaa mbele nani anaandaliwa kwa nafasi ipi. Sisi hata kustaafu kwa mtu tunakuona kama ajali.

#12 BintiWaLeeds

Wakuu msidhani ni sisi tu wa huko nyumbani. Niko Uingereza, nafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, Waswahili tuko wengi kwenye hii sekta. Nilikuwa msaidizi wa kawaida, nawaogesha wazee, nawalisha, nawasikiliza hadithi za vita. Siku moja aliyekuwa kiongozi wa zamu kaacha kazi, meneja kanipa funguo za kabati la dawa na simu ya zamu. Mafunzo yangu ya uongozi yalikuwa sentensi moja: ukikwama nipigie. Nikipiga haipokelewi.

Mwaka 2023 taasisi ya mameneja ya hapa, CMI, ilifanya uchunguzi ikakuta asilimia 82 ya wanaoingia kwenye umeneja hawakuwa wamepata mafunzo rasmi ya kuongoza. Nchi tajiri hii, vyuo vya biashara kila mtaa. Kwa hiyo umaskini usiwe kisingizio.

#13 FundiMitambo

Mimi naona mnakwepa upande wa pili. Niliwahi kusimamiwa na bosi aliyesomea usimamizi kabisa, ana shahada ya uzamili, hajui bisibisi na spana. Anaitisha kikao wakati mtambo umesimama. Anauliza "kwa nini isichukue saa moja?" kitu cha saa sita. Kati ya huyo na fundi mwenzangu aliyepandishwa bila kozi, nipeni fundi mwenzangu, hata kama anafoka. Angalau akisema kitu nakielewa.

Mkianza kudai vyeti vya uongozi, mtafungua mlango kwa watu wa vyeti.

#14 MtuWaMauzo

FundiMitambo, hoja nzito. Ila si lazima uchague kati ya hao wawili. Google mwaka 2002 waliwahi kuondoa mameneja wa wahandisi kabisa, wakaona hawahitajiki. Haikuchukua muda, wahandisi wakawa wanampelekea mwenye kampuni madai ya posho na ugomvi wao, mameneja wakarudishwa. Baadaye walipochunguza meneja mzuri ana sifa gani, ujuzi wa kazi yenyewe ulikuwemo, lakini ulikuwa wa mwisho kwenye orodha ya mambo nane. Juu yake kulikuwa na kumwelekeza mtu na kumwacha afanye kazi bila kumkalia shingoni. Ujuzi unatakiwa, ila hautoshi.

#15 FundiMitambo

Sawa. Bado yule wa uzamili simtaki.

#16 MhadhiriMwandamizi

Vyuo vikuu wana kitu cha kuiga hapa, japo nasi tuna vituko vyetu. Mtu anaanza mhadhiri msaidizi, anakuwa mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Anaweza kufika juu kabisa hajawahi kuongoza idara hata siku moja, na mshahara unapanda naye. Ukuu wa idara ni jukumu la muda, ukimaliza unampa mwenzako unarudi kwenye utafiti, na hakuna anayekucheka. Ndiyo maana kwenye vikao vyetu watu wanakimbia ukuu wa idara badala ya kuupigania.

Madaktari nao: bingwa, bingwa bobezi. Wamepewa pa kupanda bila kuacha wagonjwa. Kwa nini mwalimu wa Hisabati asiwe na kitu kama hicho, chenye fedha zake?

#17 ChakiNyeupe

Mhadhiri, hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwa walimu madaraja yapo na yanapanda bila madaraka, hilo tuwe wakweli. Kinachokosekana ni kutofautisha. Anayefundisha vizuri na anayesaini tu daftari la mahudhurio wanapanda pamoja, kwa hiyo mtu akitaka kuonekana amefanya kazi, njia iliyobaki ni ofisi ya mkuu. Weka hiyo 200,000 kwa mwalimu anayewaelekeza wenzake kufundisha Hisabati kwenye kata nzima, uone wangapi wataendelea kugombania mhuri.

Na jambo la pili, dogo ila gumu: kurudi darasani kusiwe fedheha. Yule mama wa Kiswahili niliyemsimulia, kilichomuumiza si posho. Ni walimu wenzake kunyamaza kila alipoingia ofisini kwao.

#18 Mteule2

Samahani kwa kuingilia, shikamooni wakubwa. Nimeusoma uzi wote kwa sababu yamenikuta. Nafundisha shule ya msingi, juzi nimepewa barua nikakaimu ualimu mkuu shule nyingine. Sijawahi hata kuwa msaidizi. Naweza kukataa? Na nisipokataa nianzie wapi?

#19 ChakiNyeupe

Marahaba mwalimu, hongera na pole.

Kukataa: nimewaona waliokataa kwa barua ya heshima yenye sababu za kweli. Wengine walisikilizwa, wengine wakahamishwa mbali. Mimi sikushauri ukatae, nakushauri usiende kichwa kichwa.

Barua yako isome tena. Ukaimu una tarehe ya mwisho? Kama haina, uliza kwa maandishi. Ukaimu usio na kikomo maana yake kazi ya mkuu kwa mshahara wa zamani, na likitokea jambo wewe ndiye mwenyewe. Omba rasmi nafasi ya mafunzo na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, hata wasipokupeleka.

Kabla hujasaini makabidhiano, taka taarifa ya benki, orodha ya wazabuni wanaodai, na hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa. Za zamani ziandikwe kuwa ni za zamani. Wasainiaji wa akaunti wabadilishwe mapema, usitumie hata shilingi kabla ya hapo. Na mtafute mhasibu wa halmashauri akae nawe FFARS mpaka uweze mwenyewe. Usione aibu kumwambia hujui, wengi hawajui wanajifanya.

Walimu wako, usiitishe kikao cha vitisho wiki ya kwanza. Zungumza na mmoja mmoja, anza na yule aliyedhani cheo ni chake.

#20 MstaafuWaMsingi

Naongeza la stoo. Mimi nimekuwa mwalimu mkuu mpaka nikastaafu salama. Vitabu vihesabiwe kimoja kimoja, madawati yatenganishwe mazima na mabovu. Kama shule inapika uji na makande, mahindi usiyapokee kwa idadi ya magunia. Yapimwe kwa mizani mbele ya kamati, gunia linaweza kuwa nusu chini limejaa pumba.

#21 Mteule2

Asante sana mzee, asante mwenye uzi. Makabidhiano ni Alhamisi. Mizani naazima dukani kwa shemeji.